Punje kwenye Manila

"Weka vidole hapa, baba," Hana alisema, akauongoza mkono wa baba yake kwenye kipande cha manila, kibarazani kwao Chang'ombe.

Alikuwa amebandika punje kwa gundi: mtama, uwele na choroko, kila aina na safu yake. Hivyo ndivyo chembe za retina, utando wa nyuma ya jicho, zinavyojipanga kwa anayeona. Kwenye manila ya pili punje zilichanganyika ovyo.

Mzee, mwalimu mstaafu aliyezaliwa kipofu, alizipapasa taratibu.

"Choroko zote hizi, mwanangu, si tungepika?" alitania. "Haya, hili la ovyo ni jicho la wale panya vipofu wa maabara unakofanya kazi?"

"La panya, na lako pia. Majibu ya damu yako yametoka. Kuna protini iitwayo kipokezi, inayopokea ishara na kuiongoza kila chembe ikae mahali pake. Yako ina hitilafu."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ilipotungwa. Ilitokea tu, baba. Hakuna aliyesababisha."

Vidole vikasimama.

"Na ile dawa ya mizizi aliyokunywa bibi yako akiwa na mimba yangu?"

"Haihusiki kabisa."

Mzee akaiweka manila chini. Kwa miaka sitini, kila walipokutana, mama yake alianza kwa kumwomba msamaha kwa dawa ile.

"Nipigie bibi yako."

Hana akapiga, akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, mama," mzee alisema. "Umesimama? Kaa kwanza, mama."