Jina la Len Lilikuwa Juu

Kitambaa kilitoka cheusi ti, na Emil Havlik hakukitupa. Alikikunja, akakitia mfukoni mwa shati, akachukua kingine.

Weusi ule ni vumbi la chuma na nta kuukuu, unaoachwa na gololi zinapopita kwenye ubao wa mashine ya pinboli, ule mchezo wa kurusha gololi na kuzipiga zisidondoke. Na mpiga gololi katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, Len, mwanawe, ambaye Novemba iliyopita alilala mzima asiamke. Moyo, walisema madaktari. Kijana wa miaka ishirini na sita, jamani, moyo!

Tangu siku hiyo Emil hakulia. Alikwenda Chicago mjini kufunga lifti, akarudi nyumbani Berwyn, akala alichowekewa mezani, akalala. Ganzi tupu. Chumba cha chini ya nyumba, ilikokaa mashine, hakukikanyaga mwaka mzima.

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja. Wachezaji wa ligi ya Len walikuwa na desturi yao: mwenzao akitimiza mwaka kaburini, hukusanyika kwenye mashine yake, wakanywa bia, halafu kila mmoja akajaribu kuipita alama ambayo mashine imeihifadhi kwa jina la marehemu. Mashine ya siku hiyo haichezwi chafu. Lazima ifutwe, ipakwe nta, na ing'arishwe mpaka gololi ikimbie yenyewe.

"Futa unavyotaka," mkewe, Lorraine, alimwambia akiwa juu ya ngazi. "Ila jina la mwanangu likipotea, Emil, usinipandie huku."

"Jina litapoteaje kwa kitambaa?"

"Mimi nimesema. Na betri usiziguse."

"Lo! Leo bibie ndiye fundi? Si wewe uliyekuwa ukiliita dude la kelele?"

"Na kelele zake bado sizipendi," Lorraine akasema, akikaza bendeji ya kifundo cha mkono. Aliumia bustanini, ndivyo alivyoeleza, na Emil hakuwa na hamu ya kuuliza zaidi.

Aliiwasha mashine mara moja tu, kuijaribu. Likatokea jina LEN, la kwanza juu kabisa, na alama milioni mia nane na ushei. Hakuweza kulitazama. Akaizima upesi, akaondoa kioo, akaanza kazi.

Alivua pete zote za mpira zilizozungushiwa vigongeo. Akapitisha pamba yenye spiriti chini ya vikono viwili vya kupigia, pale gololi inapochafua zaidi. Uchafu ulitoka kwa mfuto mmoja. Kwa kawaida uchafu uliokaa mwaka hugandana kama masizi ya sufuria, lakini huu ulikuwa laini. Akaisifu spiriti, akaendelea. Akapaka nta mviringo mviringo, akaiacha ikauke hadi ifanye ukungu, kisha akaing'arisha. Taa ya darini ikaonekana ndani ya ubao. Kazi safi, na yeye mwenyewe hakusikia raha hata chembe.

Zamani kazi hii waliifanya wawili. Emil alifungua na kutengeneza, Len akacheza, na baba akakaa kwenye kreti la bia kutazama.

Alipofungua kisanduku cha nyuma apanguse vumbi, aliona betri zimetoa unga mweupe. Kwa fundi, kitu kinachovuja hutolewa, hakuna mjadala. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo miaka thelathini bila kumwuliza mwenyewe. Zilipokuwa kiganjani zote tatu ndipo akakumbuka kwamba mashine imezimwa.

Betri za pinboli hubadilishwa mashine ikiwa inawaka. Ukizichomoa imezimwa, inasahau kila kitu. Mtu yeyote wa pinboli analijua hilo, na Len alifundishwa na Emil huyuhuyu.

Akatia betri mpya. Akawasha. Kwenye orodha ya alama yalikuwepo majina ya kiwandani, herufi tatu tatu za watu asiowajua. Jina LEN halikuwepo.

Emil alisimama akingoja machozi, na machozi hayakuja. Akarudisha pete za mpira na kioo, akavuta springi, akacheza. Lakini maskini, hakuwa mchezaji. Ile nta aliyoipaka kwa mkono wake ilizipeleka gololi kasi, zikampita katikati ya vikono moja baada ya nyingine, na mchezo ukaisha kabla hata ya milioni tano. Akajaribu tena. Ikawa vibaya zaidi. Angeweza kusema umeme ulikatika, lakini hata nguvu ya kutunga uongo hakuwa nayo.

"Lorraine," akaita. "Shuka."

Lorraine akashuka, mikono imejaa unga wa maandazi ya Jumamosi.

"Nimelifuta," Emil akasema. "Betri zilikuwa zinavuja, nikazichomoa. Nimelifuta jina la mtoto wetu."

Lorraine akatazama alama. Akatazama zile herufi za wageni, moja moja, hadi ya mwisho.

"Nitukane basi," Emil akasema. "Nipige. Sema lolote, mama, usinyamaze hivyo."

Lorraine akafuta mikono kwenye aproni. Akaja mpaka mbele ya mashine, akaweka viganja ubavuni mwake, huku na huku, vidole juu ya vitufe vya kuchezea.

"Uliyemfuta siye Len," alisema. "Len nilimfuta mimi, Februari, nilipochomoa betri nizitie kwenye rimoti. Huyo wako nilimcheza mimi, kila ulipokwenda kazini, mpaka Septemba nikamfikisha pale na kuandika jina lake. Sogea, Emil, Jumamosi si mbali."