Kocha Hasahau Mtu

Idarous alikuwa amewapisha watu wanane kwenye foleni, na wote walimsifu kwa adabu zake. Adabu wapi! Kila alipobakiza hatua mbili kumfikia Kocha, woga ulimshinda, akageuka nyuma na kusema, "Tangulia, ndugu yangu."

Kocha Kishore alikuwa amekaa mbele ya ukumbi, pale Sparkbrook, mzee wa miaka themanini na tatu mwenye koti la buluu na filimbi shingoni. Julai ile ya 2018 alikuja Birmingham kwa mahafali ya mjukuu wake. Wanafunzi wake wa zamani wa Chuo cha Ualimu Azimio walipopata habari, walifunga safari, wengine hata kutoka Glasgow. Watu wazima na vipara vyao walikuwa wakigombania kumshikia kikombe cha chai.

Idarous aliliona tangazo kwenye kioo cha duka la nyama, Coventry Road: "Wana Azimio wote, njooni tumlaki Kocha wetu." Alilisoma akaenda zake, akarudi akalisoma tena. Wiki nzima hakuwa na raha. Asubuhi ya Jumamosi alipiga pasi shati, akanyoa, akasimama mbele ya kioo kujaribu maneno: "Shikamoo, Kocha. Unanikumbuka?" Mara ya tano ndipo sauti ikakubali kutoka.

Mlangoni mwa ukumbi alimkuta Mwanasiti, binti wa aliyekuwa kapteni wa timu, ana kalamu na stika za majina.

"Jina na mwaka, anko?"

"Idarous. Themanini na mbili."

"Eh, mwaka mmoja na baba! Baba, njoo umwone mwenzio!"

Abdulnasir, kapteni mwenyewe, alikuja akamkazia macho. "Sura kama naijua. Ulikuwa namba ngapi?"

"Mimi wa benchi tu."

"Wa benchi! Basi unisamehe, ndugu yangu, tulikuwa tunajiona sisi tu. Lakini mbona unaongea kama mtu wa Lamu?"

"Birmingham hii," Idarous akasema, "inatuchanganya sote."

Abdulnasir alicheka, akampiga begani, akaenda kuwasalimu wengine.

Idarous alikaa pembeni na sahani yake ya pilau, akisikiliza. Walisimulia jinsi Kocha alivyotoa chandarua chake mwenyewe kiwe neti ya goli, kwa kuwa chuo hakikuwa na neti. Malaria ikamlaza wiki mbili. Akaamuru abebwe na kitanda chake hadi kando ya uwanja, akafundisha akiwa amejifunika blanketi. Jezi alizifua kwa mikono yake. Na juu ya yote, walisema, Kocha hasahau mtu. Ulipoimbwa wimbo wa chuo, Idarous alisimama nao, midomo yake ikicheza pamoja na yao, machozi yakimlengalenga.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu mkewe, Saleha, afariki. Hawakujaliwa watoto. Kliniki walimwita Mista Aidaras, na msikitini watu walimpa mkono wakakimbilia magari yao. Tangu afariki Saleha hakuna aliyemtazama usoni akamwambia, wewe nakujua. Hilo tu ndilo alilolijia hapa. Na kama Kocha angetikisa kichwa mbele ya umati ule, Idarous asingekuwa na pa kuuweka uso wake.

Foleni ikaisha. Hakubaki mtu wa kumpisha.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba."

"Unanikumbuka?"

Mzee alivaa miwani. Alitazama stika iliyokuwa kifuani mwa Idarous, kisha akautazama uso wake, akautazama kwa muda mrefu. Waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Idarous akatamani kurudi nyumbani.

"Idarous!" Kocha akajikongoja akasimama. "Nitakusahau vipi? Si wewe uliyeingia dakika za mwisho, mvua inapiga, ukafunga ile penalti kwa mguu wa kushoto?"

Akamkumbatia.

"Ile penalti!" Abdulnasir alipiga makofi. "Jamani, si ile ya nusu fainali! Sasa nimemkumbuka!"

"Kipa alirukia huku, mpira ukapita kule," mwingine akadakia.

"Na chandarua kikachanika!"

Lisemwalo lipo. Kabla chai haijapoa, penalti ile ilikuwa imepigwa upya mara nne, kila mara kali kuliko ya kwanza, na watu walikuwa wakipanga mstari kupiga picha na mpigaji. Kocha alimkalisha kando yake na hakuuachia mkono wake mpaka watu walipoanza kuagana. Idarous alilia waziwazi wala hakuona haya.

Katika basi la kurudi Small Heath, simu yake, ambayo kwa kawaida hupigwa na kliniki tu, ililia njia nzima. Alikuwa ameingizwa kwenye kundi la Wana Azimio. "Karibu, Mzee wa Penalti!" waliandika, mmoja baada ya mwingine. Kisha ukaingia ujumbe wa Mwanasiti: "Anko Idarous, mwakani tunasafiri wote kwenda kukitembelea chuo. Nikuandike?"

"Niandike," akajibu.

Halafu akafungua ramani kwenye simu, akaandika "Chuo cha Ualimu Azimio", apate kujua kiko mji gani.