Kengele Ndani ya Podikasti

Ganda la kiazi lilibaki likining'inia kwenye kisu cha Mama.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nilisikia. Ndani ya simu yangu, katika podikasti anayoipenda kuliko zote, kengele ya ng'ombe ilikuwa inalia. Mlio mmoja mkali, kisha mmoja mzito kama wa sufuria iliyopasuka. Baba aliitengeneza kwa kipande cha plau, ulimi wake ukawa bolti ya trakta. Hakuna nyingine kama hiyo Uasin Gishu nzima. Mara ya mwisho ililia shingoni mwa ng'ombe wetu, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi tuliofukuzwa shambani kwetu Kapseret, akiswagwa kati ya mabua ya mahindi na watu ambao hatukuona nyuso zao.

Kila Jumapili mtangazaji wa podikasti hii humchekesha Mama mpaka anafuta machozi. Mimi nikianza habari za nani alichukua nini mwaka ule, hunikata: "Mbuthia, wacha kelele, nimsikie kijana wangu."

Leo kijana wake alikuwa anarekodia nyumbani kwao.

"Hiyo mnayosikia ni kengele ya mzee wangu. Anaipenda kuliko sisi watoto!" Akacheka. "Mzee, kuja uwaambie uliitoa wapi."

Miaka yote hii nimepiga kelele nikiuliza swali hilohilo. Sasa nikanyoosha kidole nizime simu.

Mama akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, vimelowa maji ya viazi.

"Usizime," akasema. "Wacha mzee ajibu."