Mkono Ulioshonwa Tumboni

Mbaruku alikuwa kwenye mstari wa tatu, akimsuka nywele dada yake Zawena kitandani hospitalini. Mwenyewe asingeweza kujisuka. Wiki ya tatu sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umeshonwa tumboni. Kipande cha ngozi ya tumbo, kikiwa bado kimeshikamana na tumbo kwa upande mmoja, kilifunika mahali mkononi palipochunwa na mkanda wa mashine ya kusaga. Kesho daktari angeukata upande huo, mkono uondoke na ngozi yake mpya.

"Unasuka kichwa au unafunga gunia la unga?" Zawena alimuuliza.

"Tulia, dada."

"Nitamwomba daktari anipime na masikio. Uliniita, nami sikusikia! Kiziwi atarudije mashineni?"

Vidole vya Mbaruku vilisimama. Pale mashineni kwao, anayewasha huita kwa sauti mara tatu kabla ya kugusa swichi, ili aliye karibu na mkanda aondoe mikono. Siku ile Mbaruku ndiye aliyewasha, na alikuwa na haraka. Baadaye aliwaambia watu wote kwamba aliita, na dada yake naye akaamini.

"Masikio yako ni mazima," alisema. "Sikuita."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Zawena hakugeuka. Ncha za vidole vyake, zilizochungulia kwenye bandeji, zilikunjuka na kukunjika polepole, kama daktari alivyomfundisha.

"Nusu ya kichwa iliyobaki iache mpaka kesho," alisema hatimaye.

Mbaruku akabaki amesimama nyuma yake, chanuo mkononi.