Meno ya Otose

"Haya meno yaondoe weusi, Mzee Genzo," alisema mwenye duka la picha. "Siku hizi mke gani anapaka meno? Wateja wananiuliza kama nawauzia kibogoyo!"

Genzo hakucheka. Ubao ule wa kupigia chapa aliuchonga mwenyewe mkewe Otose akiwa hai, kwa sura yake: anacheka, na meno yake meusi yanang'aa kama ya wake wote wa zama zile, waliopaka meno rangi nyeusi walipoolewa. Sura nyingine ya marehemu hakuwa nayo. Na ubao hausamehe: palipoachwa juu hushika wino, palipochongwa hubaki peupe milele.

"Ungeniachia huu, nikuchongee mwingine."

"Ubao ni mali yangu, mzee. Usipotaka, yupo atakayeuchonga."

"Basi bora mkono wangu," alisema Genzo, akachukua patasi iliyo nyembamba kuliko zote.

Meno yalibanduka kwa mara moja, wala hayakumpa taabu. Binti yake Omitsu, aliyeolewa mwaka ule na kukataa katakata kupaka meno, alipaka ubao wino, akalaza karatasi, akaisugua, akaibandua. Aliitazama, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Baba, mbona huyu ni mimi?"

Mwenye duka alisogea, akamtazama Omitsu, akaitazama karatasi, akasema hiyo itauzika.

Genzo alikuwa ameinamia kidole chake. Kibanzi cha meno ya Otose kilikuwa kimenata penye ncha, cheusi kwa wino wa miaka, kidogo kama punje ya ufuta, naye alivuta pumzi taratibu kisije kikapeperuka.