Igiza Kwanza

Katika ofisi ile ya kamusi, kitenzi kilikuwa hakiandikwi kabla hakijaigizwa. "Mwili haujui kudanganya," mzee mhariri alipenda kusema. "Kalamu ndiyo mwongo."

Siku hiyo mfasiri alipewa "crave", kitenzi cha Kiingereza chenye nguvu kama kiu. Alinyoosha viganja, akainamisha kichwa.

"Kutamani sana," alisema.

"Hapo unaomba, mwanangu. Asili ya neno hilo ni kudai. Zamani alilitumia mtu aliyekuja kuchukua haki yake. Hebu simama udai."

Alisimama. Mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe mpaka usawa wa nyonga, vidole vikatulia juu ya kitu kisichokuwepo: kichwa cha binti yake, chenye nywele alizomsuka mwenyewe asubuhi ile wifi yake alipomchukua "akakae kwangu kidogo tu." Kidogo hicho kiliota mizizi. Kila alipopiga simu kubembeleza, aliambiwa, "Subiri kwanza, wifi, mtoto ameshazoea huku."

Mhariri aliutazama mkono ule. "Ana kimo hicho?"

"Alikuwa nacho."

Akaupandisha mkono hadi kifuani, akaushusha kidogo, akaupandisha tena. Hakujua uishie wapi.

Akachukua simu.

"Wifi," alisema, na safari hii hakuanza na samahani, "mfungashie mwanangu nguo zake. Nakuja kumchukua." Akautazama tena mkono wake. "Niambie tu, siku hizi anavaa kiatu namba ngapi?"