Nyasi za Kuezekea

Gurudumu la nyuma lilizunguka bure, likarusha tope hadi dirishani, likachafua shela ya bibi harusi.

"Zima!" Kashaija alipiga kelele. "Unazidi kulizamisha!"

Rwegoshora, dereva, alizima injini akashuka. Alikuwa amefunga minyororo kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma tangu walipotoka Kimuli, maana Aprili mlima wa Kituntu haupandiki bila minyororo. Sasa mmoja ulikuwa umekatika. Gari lilikuwa limelala upande huo, tope limefika kwenye ekseli.

Kashaija na dada yake Komujuni walikuwa wakijenga kibanda kando ya barabara. Waliposikia injini inalia, waliacha kazi, wakaja na jembe.

"Tukate majani ya migomba," Kashaija alisema.

"Yanateleza kuliko tope lenyewe."

"Mawe, basi."

"Nimeshatia mawe, yamemezwa yote. Nataka kitu kikavu ambacho tairi litashika. Nyasi zingefaa."

Dereva akatazama mlimani. Kila kitu kilikuwa kimelowa. Nyasi kavu zilikuwa mahali pamoja tu, mafungu yaliyofunikwa ngozi ya ng'ombe pale kibandani. Akayapita kwa macho. Huwezi kumwomba mtu paa lake.

"Mnakwenda wapi?" Kashaija aliuliza, akianza kuchimba.

"Kanoni. Padri anafungisha ndoa leo, kesho anaondoka, na harudi mpaka baada ya mavuno. Bwana harusi ni Elpidius, yule mnunuzi wa kahawa."

Jembe likasimama. Kashaija alilikung'uta, akaliweka begani.

"Mimi nimechoka," akasema, akapanda kuelekea kibandani.

Dereva alimshangaa. Hata tope la gurudumu moja hakuwa amelimaliza.

Komujuni hakumfuata ndugu yake. Alisogea dirishani. Bibi harusi alikuwa binti mdogo, Evangelina, macho yamemvimba kwa kulia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shela itafuliwa, mdogo wangu. Usilie."

"Sililii shela. Kuna watoto wananingoja."

"Watoto wa nani?"

"Wa Elpidius. Wako watatu. Mama yao alikufa kwa homa mwaka jana. Tangu hapo wanalala leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku nilipokwenda kuwaona, yule mdogo alinishika gauni, akakataa kuniachia. Nikamwahidi kwamba nikirudi, sitaondoka tena."

Komujuni alishika ukingo wa mlango wa gari.

"Nani alikwambia kwamba mama yao alikufa kwa homa?"

"Elpidius mwenyewe. Alilia aliponieleza."

"Na hao watoto, utawapenda?"

"Nimeshawapenda, dada."

Mvua ilianza kudondoka tena. Komujuni aligeuka, akapanda kibandani, akarudi na fungu la nyasi kichwani. Kashaija alimfuata mbio.

"Komujuni! Nyasi hizo nimezitafuta mpaka mbugani! Mvua yote hii utalala wapi?"

"Jikoni kwako, kama ninavyolala sasa."

"Mke wangu amechoka kuruka miguu yako kila asubuhi! Kibanda hiki ni chako, nakujengea wewe. Unakivunja kwa ajili ya mtu yule?"

"Si kwa ajili yake. Nisaidie, au nipishe."

Kashaija alimpisha. Akasimama pembeni huku mvua inamchuruzika usoni, asitake kutazama.

Komujuni alipanda na kushuka mpaka mafungu yakaisha. Rwegoshora alipoona nyasi peke yake zinazama, alisema zinahitaji kitu kigumu chini yake. Hakutaja kitu gani. Komujuni alirudi kibandani akang'oa matete ya ukuta, yale aliyoyafunga kwa mikono yake mwenyewe, akayashusha kwa mikumbatio.

Dereva aliyalaza matete kwa kukingama mbele ya gurudumu lisilo na mnyororo, akatandaza nyasi juu yake. Komujuni aliegemeza bega nyuma ya gari. Injini ilinguruma, gari likateleza, likayumba, kisha tairi likashika. Likapanda polepole, likitafuna matete na kutema nyasi, mpaka likafika penye changarawe.

Nyuma yake hakikubaki kitu cha kuokota.

Rwegoshora alisimamisha gari ili ashukuru. Evangelina alifungua mlango, akaishika mikono ya Komujuni, ingawa ilikuwa imejaa tope.

"Dada, umejivunjia nyumba kwa ajili yangu. Niambie jina lako, nikuombee leo kanisani."

Komujuni aliinua pindo la shela lililokuwa likiburuta chini, akaliweka vizuri mapajani mwa binti yule.

"Yule mdogo, Margreth, huwa anaamka usiku akilia," akasema. "Mpapase mgongo, atalala. Ila msimwambie tena kwamba nilikufa."